Kijana aliyeniibia amesimama ng'ambo ya barabara. Nimwite?

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi pikipiki, nina miaka 38, nina mke na watoto watatu wa kike. Gereji yangu ipo Mwanza, barabara ya kwenda Igoma. Ni banda la mabati, meza moja ya mbao na boksi la spana.

Nimeokoka tangu 2011, lakini sina kipaji cha kuhubiri. Nikipewa maiki kanisani jasho linanitoka, na kwaya walishanishauri kwa upole nikae na wasikilizaji. Ninachokijua ni injini. Pikipiki ikipita barabarani naweza kukwambia cheni imelegea au plagi inakaribia kufa. Miaka yote nilidhani ujuzi huu ni wa kutafutia ugali tu, na utumishi ni wa wengine.

Kilichonibadilisha ni matambara. Kuna watoto walikuwa wanapita jioni kuniomba matambara niliyofutia kabureta. Nikawa nawapa, nikijua wanakwenda kusafishia viatu. Siku moja nikamkuta mmoja nyuma ya banda, tambara limefunikwa puani, macho yamegeuka. Alikuwa ananusa petroli, na petroli yenyewe nilikuwa nampa mimi. Sikulala usiku ule. Kesho yake nikamwita, nikampa spana namba 10, nikamwambia fungua hii.

Sasa ni mwaka na nusu na ninao watatu. Mkubwa ana miaka 19, alikaa mahabusu miezi minane. Wa kati ana 16, ndiye yule wa tambara. Alivuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema akiwa na miaka 12, akimkimbia baba wa kambo, na hajarudi. Mdogo ana 13, anaishi na bibi yake ambaye ni Mwislamu, shule aliacha darasa la nne. Nawapa chakula cha mchana, na kazi ikiwepo nawapa buku mbili mbili. Wa kati nilimruhusu alale gereji maana hana pa kwenda. Asubuhi tunasali kidogo kabla ya kuanza kazi.

Huyu wa kati ana mikono, Mama. Siku moja alisafisha jeti ya kabureta, kile kitundu ambacho hata sindano haipiti, akainyanyua juani, akafumba jicho moja akasema, "Bosi, naona mwanga." Nilifurahi kama mtoto wangu amefaulu mtihani.

Wiki tatu zilizopita kazi ilikuwa mbaya, mvua mfululizo, sikuwapa kitu tangu Jumatano. Jumamosi asubuhi nikakuta kabureta ya mteja haipo na kijana hayupo. Ameiuza 12,000. Mimi nimenunua nyingine 45,000 na mteja hajarudi tena. Wateja wengine wawili wamesikia, wamehamia gereji ya jirani.

Mke wangu anasema nimeleta wezi kwenye maisha yetu na ana wasiwasi na binti zetu, kwa sababu vijana wanakuja nyumbani kula Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa ananiambia kosa langu ni kuwapa kazi kabla hawajaokoka, kwamba niweke sharti: asiyekuja ibadani haingii gereji. Tena mwezi ujao tuna wageni wafadhili, anataka vijana wasimame mbele watoe ushuhuda wa maisha yao ya mtaani. Na ananishauri nifunge gereji niende chuo cha Biblia miaka miwili, ili kama nataka kutumikia vijana nitumikie kikamilifu.

Juzi na jana yule wa kati amekuja. Haingii. Anasimama ng'ambo ya barabara chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka nafunga. Hasemi neno. Nifanye nini?

Fundi, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Mwite leo. Mengine yote nitakayoandika hapa yanaweza kusubiri wiki nzima, hilo halisubiri.

Mwizi aliyeamua kuwa mwizi habaki kwenye mtaa alioiba. Mwanza ni kubwa, angeweza kuwa Kirumba au Buhongwa, hakuna ambaye angemjua. Huyu amechagua kusimama mahali ambapo wewe, wenzake na hata mteja mnaweza kumwona, kutwa nzima, siku mbili. Hana maneno ya kuomba msamaha kwa sababu sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kuuomba. Anaomba kwa miguu. Vuka wewe, maana wewe ndiye mkubwa.

Ukimvusha, mpe chakula kwanza. Kisha mketi watatu, wewe, yeye na yule wa miaka 19, wala usimkalishe mbele ya umati. Mwambie bei ilivyo: kabureta 45,000. Asiambiwe "yamekwisha", kwa sababu hayajakwisha, na yeye anajua. Kubalianeni alipe kidogo kidogo, tuseme 1,000 kila siku ya kazi. Ni siku 45. Iandikeni kwenye daftari, na kila jioni akate mstari mwenyewe. Nendeni pia wote wawili kwa aliyeinunua. Akikubali kuirudisha kwa 12,000 zake, deni linapungua. Msiende na mgambo. Na usimpige, wala mwenzake asimpige kwa niaba yako. Kwa mteja aliyeondoka nenda mwenyewe, umwombe radhi, umwahidi sevisi moja bure.

Lakini umeandika mstari mmoja ukaupita haraka, mimi nimeukalia: "sikuwapa kitu tangu Jumatano." Aliiba Jumamosi. Simtetei, wizi ni wizi. Nakuonyesha tu kwamba ulimfungia mtoto mwenye njaa ndani ya banda lenye vitu vya thamani, mvua inanyesha, halafu wewe ukaenda nyumbani kula. Hukukusudia ubaya, najua. Ila kama anafungua injini za wateja na wateja wanakulipa, ile buku mbili si zawadi yako kwake. Ni ujira wake. Panga kiasi ambacho unaweza kukitoa hata wiki ya mvua, hata kiwe kidogo, na kisikose. Mtoto aliyetoka mtaani ameshaahidiwa sana. Buku inayofika kila siku saa kumi na moja jioni itamfundisha habari za Mungu mwaminifu kuliko somo lolote ambalo ungemwandalia.

Sasa mambo ya gereji, na hapa nakuomba usinikasirikie.

Huyo wa miaka 16 asilale tena gerejini. Si kwa sababu ya wizi. Amelala mwaka na zaidi katika chumba chenye kidumu cha petroli, yeye ambaye ulimkuta na tambara puani. Na sulusheni ya kuzibia tairi je, iko wapi? Nayo hunuswa. Wiki hii tafuta kabati la chuma lenye kufuli, petroli na sulusheni vikae humo, ufunguo ukae kiunoni mwako. Matambara yaliyolowa yachomwe kila jioni mbali na banda, uyachome wewe. Mtu aliyekuwa mlevi hapewi kazi ya kulinda baa.

Pa kulala patafutwe, na usipatafute peke yako. Nenda kwa mtendaji wa mtaa akupeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Ukikwama, piga 116, ni simu ya bure kwa mambo ya watoto. Ustawi ndio wenye mamlaka ya kutafuta ndugu zake Sengerema. Sisemi arudishwe kwa baba wa kambo. Labda yupo shangazi au mjomba. Ikishindikana, wao ndio wanaojua familia zinazoweza kuaminiwa na makao yaliyosajiliwa. Mafundi wengi wenye moyo mzuri hukwepa ofisi hizi wakiogopa kuulizwa maswali. Ulizwa. Mtu mzima mwenye mtoto wa watu anayelala kwake bila ofisi yoyote kujua hana wa kumtetea siku neno baya likisemwa, na mtoto naye hana.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuhusu moja kwa moja. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kuanzia 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo, isizidi saa sita kwa siku, na asifanye kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo wa miaka 16 anafundishika kwako, kwa mipaka hiyo. Wa miaka 13 hapana. Najua unampenda na ni mwepesi wa mkono, lakini kila siku anapokushikia tochi darasa linampita. Shule za msingi za serikali hazina ada, na kwa waliochelewa upo mpango wa MEMKWA, ambao uliwekwa kwa watoto kama yeye hasa. Nenda na bibi yake mkaulize shule ya karibu wanayo darasa hilo. Jumamosi aje gereji akusalimie, ale, aone wenzake.

Sharti la ibada nalikataa, na nalikataa kama Mkristo. Ukisema asiyekuja kanisani haingii gereji, umeifanya injili kuwa kiingilio. Watakuja, kwani mwenye njaa huja popote, lakini watakuja kwa ajili ya spana, na siku wakipata spana kwingine watakuwa wameaga vyote viwili. Yesu aliponya wenye ukoma kumi. Mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru, na wale tisa hawakurudishiwa ukoma wao.

Endelea na sala yenu ya asubuhi, usiifiche, gereji ni yako na wewe ni Mkristo. Ila bibi wa yule mdogo aambiwe na wewe mwenyewe, ana kwa ana, kwamba mnasali pale na mjukuu wake halazimishwi. Mvulie viatu mlangoni, kaa mkekani, mweleze. Asije akasikia kwa jirani. Ukienda kinyume chake kwa siri, utakuwa umemfundisha mtoto kumdanganya mtu pekee aliyebaki naye.

Kuhusu ushuhuda mbele ya wafadhili nina maumivu yangu. Nimefundisha ushonaji katika ukumbi wa kanisa miaka mingi, wasichana waliopata mimba shuleni, waliotoroka ndoa, waliokuwa baa. Mwaka mmoja walikuja wageni, na mimi, mimi mwenyewe, nikamwomba binti wa miaka 17 asimame aeleze alikotoka. Alieleza vizuri. Watu walilia, wakatoa. Tukapata cherehani nne. Jumatatu hakuja. Nilipomfuata kwao nikaambiwa wanawake bombani wameanza kumwita kwa jina la ile kazi aliyokuwa akifanya zamani. Hakurudi. Blauzi yake ilibaki kwenye meza, mkono mmoja umeungwa, mwingine umeshikizwa kwa pini. Niliiweka hivyo hivyo kwenye droo na sijawahi kumpa mtu aimalizie. Kwa hiyo mzee akikuuliza, mwambie mtatoa ushuhuda wa aina nyingine: wageni waje gereji, vijana wafungue injini ya pikipiki mbele yao na kuifunga ikawaka. Picha za sura za watoto zisipigwe. Mtoto ana haki ya kuyasahau yake, na kama atataka kuyasema, ayaseme akiwa mtu mzima, mwenyewe akipenda.

Chuo cha Biblia ni chema, nenda kama Mungu anakuita huko. Lakini kama unakwenda kwa sababu umeambiwa gereji si utumishi kamili, kaa hapo hapo. Katika Biblia, mtu ambaye Mungu anamtaja kwa jina kuwa amemjaza roho yake kwa ajili ya ufundi ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao. Soma Kutoka 31. Paulo alikaa Korintho kwa Akila na Prisila akishona mahema, kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Na Paulo huyo huyo, fundi mwenzio, aliandika barua fupi kumwombea kijana aitwaye Onesimo kwa bwana wake Filemoni. Humo anasema kama kijana amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike kwangu mimi. Isome kabla hujavuka barabara. Ni ukurasa mmoja tu. Jina Onesimo maana yake ni mwenye kufaa, na Paulo analichezea: zamani hakukufaa, sasa anakufaa.

Tena huanzishi jambo jipya. Padri Yohana Bosco, kule Turin, Italia, alianza mwaka 1841 na vijana wa aina hiyo hiyo, wengine amewaona gerezani. Alikuwa ameshajifunza ushonaji, useremala na uhunzi alipokuwa kijana maskini, na ufundi huo ndio aliouingiza katika kazi yake. Kinachonigusa zaidi ni mikataba. Aliwatafutia vijana mafundi wa kuwafundisha kazi, na katika mkataba mmoja wa mwaka 1852, wa kijana anayejifunza useremala, fundi anaahidi kumfundisha kweli, kumwonya kwa maneno bila kumpiga, na kumwachia siku zake za kupumzika. Kijana naye anaahidi utii na bidii. Wanatia sahihi wote. Fanya hivyo kwa hao wawili wakubwa: ukurasa mmoja, lugha nyepesi, utakachofundisha, utakacholipa, saa za kazi, nini kitatokea kitu kikipotea. Wa miaka 16 asainiwe na ndugu, au afisa ustawi awepo.

Na yule wa miaka 19, ambaye barua yako imemsahau kwa kuwa hana kelele, ndiye anayeanza kuuzidi umri wa kulelewa. Waulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, juu ya mpango wao wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya chuo. Wanampima kwa vitendo na akifaulu anapata cheti. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati ya hizo ni za vijana kupitia vikundi. Aanze kutafuta wenzake wanaoaminika. Mfundishe kupiga bei na mteja, kuandika daftari, kukataa kazi asiyoiweza. Mwachie gereji nusu siku uone.

Mkeo msikilize. Hajakosea. Chakula cha Jumapili kihamie gereji au ukumbi wa kanisa, na awepo mtu mzima mwingine kila mara. Hilo liwe kanuni kwako pia: usikae peke yako na mtoto mahali pamefungwa, mlango wa banda uwe wazi. Unamlinda yeye, unajilinda na wewe. Ukimwambia mkeo kwamba umehamisha chakula kwa sababu yake, nadhani ndiye atakayekipika.

Halafu rudi kanisani na orodha. Hujaomba kitu hata kimoja kwenye barua yako, umejibeba mwenyewe mwaka na nusu. Usiombe pesa kwanza. Omba watu. Hapo kanisani hakosekani mwalimu mstaafu wa kumkalisha wa miaka 16 jioni mbili kwa wiki asome na kuhesabu. Yupo muuguzi wa kumwangalia kifua chake baada ya petroli yote ile. Yupo mhasibu wa kukuonyesha daftari linavyofungwa. Na yule mzee aliyekupa ushauri, mwombe awe mtu mzima wa pili pale gereji kila Alhamisi asubuhi. Mkalishe kwenye kigoda karibu na kijana, ampe spana anazoomba. Baada ya wiki nne mzungumze tena kuhusu sharti la ibada.

Niandikie utakapovuka. Nataka kujua alisema nini.